Baiskeli ya Kaka

Mama alikuwa amekwisha kupatana na mnunuzi wa vyuma chakavu. "Mwanangu, kitoe kile kidude uani," akaniambia. "Kila nikikiona kinanitia simanzi."

Kidude chenyewe ni baiskeli ya gia, zile za kupandia milima, ya marehemu kaka. Iliegemea ukuta wa uani kwetu Ngamiani, Tanga, tangu alipofariki mwaka 2021.

Nikaomba siku moja. Kwenye kopo nilikuwa na shilingi 60,000, akiba ya kupigisha chapa riwaya yangu. Ndugu msomaji, riwaya hiyo imo kwenye madaftari manne tangu nimalize kidato cha nne.

Nikaikokota hadi kwa fundi. Mzee yule hata hakujali kutu. Aliipindua miguu juu, akapitisha kidole kwenye maungio ya fremu, chini ya usukani na pale penye pedeli. "Kutu ya juu si neno," akasema. "Ufa ndio kifo. Hapa hamna ufa."

Kisha akaomba rula. Nikampa ile yangu ya shule. Jozi 12 za pingili za mnyororo mpya hujaa inchi 12 barabara. Zetu zilipitiliza kwa moja ya nane ya inchi. Mnyororo uliorefuka hivyo huwa umekwisha kutafuna meno ya gia. Ukinunua mnyororo peke yake umejidanganya, utakuwa unaruka tu.

Hesabu ya kurudisha gia zote 18 ikafika 95,000. Nikanywea.

"Bwana mdogo," fundi akauliza, "hapa mjini kuna mlima gani?"

Nikacheka. Tanga ni tambarare. Gia nyingine kaka hakuwahi kuzigusa. Tukaziondoa zote, tukafunga moja mbele, moja nyuma, na mnyororo mpya. Pamoja na tairi na ufundi, 52,000.

Riwaya ikabaki madaftarini. Iliniuma, sifichi. Usiku ule nikaisoma upya, nikaona madaftari mawili yangetosha.

Jumamosi nilirudi nikiendesha. Mlangoni nikapiga kengele mara tatu, kama kaka alivyozoea. Sikukusudia, mkono ulipiga wenyewe. Mama akatoka jikoni mbio, akasimama ghafla. Akaitazama baiskeli, akanitazama mimi. Nikajua nimemkosea.

"Itie keria," akasema hatimaye. "Kesho unipeleke sokoni."