Sentimita 62

Kabla sijapewa ukuu wa chuo nilikuwa mkufunzi wa fizikia, na madaftari niliyosahihisha siwezi kuyahesabu. Karibu yote nimeyasahau. Daftari moja la mwaka 1979 halijanitoka, na hivi karibuni mjukuu wangu alilirudisha mezani pangu bila ya yeye mwenyewe kujua.

Mjukuu huyo anafanya kazi katika maabara ya kupima maji, katika mji uleule wa Nyanda za Juu Kusini nilikofundisha mimi. Alinipigia simu jioni. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kunitania, kama ilivyo desturi yetu, kwamba mume gani mimi nisiyetuma hata pesa ya mboga, akasema, "Babu, pampu yetu ya ombwe inavuja, na hatuoni inapovujia."

Nilimwomba anieleze kwanza kazi yenyewe. Wanatafuta mabaki ya dawa za kuulia wadudu katika maji ya mito inayopita kwenye mashamba ya viazi. Dawa hizo huwa kidogo mno katika lita moja ya maji, hata mashine ya kupimia haizioni. Hivyo sharti zikusanywe kwanza. Maji hupitishwa katika kibomba cha plastiki, mfano wa bomba la sindano, chenye unga wa silika uliovikwa minyororo ya kaboni. Dawa nyingi za namna hiyo hazipatani na maji, basi hung'ang'ania unga, na maji huenda zake. Kisha unga hukaushwa kwa hewa, na dawa huoshwa kwa mililita chache za kiyeyusho. Kilichotawanyika katika lita nzima sasa kimo katika kijiko kimoja. Lakini kazi hiyo ina adabu zake. Unga huloweshwa kwanza kwa methanoli, halafu kwa maji safi, wala usiachwe ukauke kabla sampuli haijapita. Na sampuli ipite polepole, tone baada ya tone. Ukiivuta kwa pupa, dawa hupita bila kunaswa, na mto mchafu huandikwa kuwa safi.

Kinachovuta ni pampu. Wakati wa kupitisha sampuli, geji ikionyesha kilopaskali 15 au 20 yatosha. Shida yao ilikuwa kwenye kukausha: mwongozo ulidai 85, na geji ilikomea 80. Walikwisha kubadili mipira ya vifuniko na kukaza kila kiungo. Mkubwa wao alikwisha kuandika barua ya kuomba pampu mpya.

"Fungeni vali zote," nilimwambia, "mvute hadi mwisho, halafu zibeni njia ya pampu na kuizima. Mshale ukirudi kuelekea sifuri, pana tundu. Ukitulia robo saa, hapana."

"Tumefanya hivyo, Babu. Mshale ulitulia."

Hapo ndipo lile daftari liliponijia.

Tulikuwa na mrija wa kioo wa karibu mita moja, uliozibwa upande mmoja. Mwanachuo huujaza zebaki, huziba mdomo kwa kidole, huupindua ndani ya bakuli la zebaki, kisha hupima kimo cha safu inayobaki imesimama. Ni jaribio la Torricelli, la mwaka 1643. (Zebaki tuliishika kwa mikono mitupu. Leo nikimwona mkufunzi akiruhusu hivyo, nitamshitaki mwenyewe.) Kitabu kilisema sentimita 76. Wanachuo wote waliandika 76, au 75.8, au 76.1 kwa wale wenye ujanja zaidi. Kijana mmoja tu aliandika 62.3.

Nilidhani hewa imepenya, maana hewa kidogo juu ya zebaki huishusha safu. Lakini kijana alikuwa ameeleza, kwa mwandiko wake mdogo, kwamba aliuinamisha mrija na zebaki ikajaa mpaka nchani, pasibaki hata kiputo. Hiyo ndiyo njia ya kuhakikisha kwamba mle juu hamna hewa. Mimi ndiye niliyewafundisha. Nilisoma maelezo yake nikayapita. Nikampa sifuri, nikaandika kwa wino mwekundu: "Soma kitabu." Wiki iliyofuata alirudia jaribio, akaandika 76.

Chuo chetu kilikuwa kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huko safu ya zebaki husimama kwenye sentimita 62 hivi. 76 ni ya Tanga na Dar es Salaam. Na kitabu kilekile, kurasa chache mbele, kilieleza jinsi Pascal alivyomwomba shemeji yake, Florin Périer, apande na mrija wa namna hiyo mlima wa Puy de Dôme, nchini Ufaransa, mwezi Septemba 1648, na jinsi zebaki ilivyoshuka kwa sentimita 8 hivi. Habari hiyo niliifundisha kila mwaka. Kilele cha mlima ule kina mita 1,465. Uwanja wetu wa mpira ulikuwa juu zaidi.

Nilizinduka mwaka 1982, nikiandaa somo hilohilo. Kijana alikwisha kuhitimu na kupangiwa shule. Ningeweza kumwandikia. Sikuandika. Nilijifariji kwamba alama ile haikumzuia kufaulu, jambo ambalo ni kweli, lakini lililonikosesha usingizi si ile sifuri. Ni ile 76.

"Mjukuu wangu," nikasema, "geji yenu haisemi ndani imebaki hewa kiasi gani. Husema tofauti ya ndani na nje. Dar es Salaam kanieneo ya nje ni kilopaskali 101; kwenu ni kama 83. Ikisoma 80 Dar es Salaam, ndani mmebakiwa na 21. Ikisoma 80 huko kwenu, mmebakiwa na 3 tu. Hiyo 85 haipo huko. Hakuna pampu inayoweza kutoa hewa ambayo haimo."

Alikaa kimya. "Basi pampu ni nzima?"

"Nzima kabisa. Mwongozo uliandikwa na mtu wa pwani. Tafuteni geji inayohesabu kuanzia ombwe tupu, au kila siku andikeni na kanieneo ya nje pembeni ya ile ya geji. Sasa niambie, kwenye rejesta mmekuwa mkiandika ngapi?"

Alisita. Kisha akasema kwamba waliambiwa waandike 85 kwa muda, mpaka pampu mpya itakapofika. Nilimwuliza tangu lini. Tangu Februari.

Nikamsimulia habari ya daftari, pamoja na wino mwekundu. Akaniuliza jina la yule kijana. Ninalikumbuka, majina yake yote matatu. Nilimtajia.