Balozi Aliyetokea Mizanini

Mpwa wangu anajiandaa kwa usaili wa kazi serikalini. Juzi alinieleza kwamba diplomasia ya uchumi ilianza na sera ya mwaka 2001. "Zamani, mjomba, mabalozi walikuwa wa siasa tu." Nikamtajia Sir George Kahama. Akauliza kama huyo ni mmoja wa magavana wa Kiingereza.

Huyo "gavana" alizaliwa Karagwe mwaka 1929, na u-Sir wake hakupewa na Malkia, alitunukiwa na Papa. Alisoma mambo ya ushirika Loughborough, Uingereza, kisha katikati ya miaka ya 1950 akawa meneja mkuu wa Chama Kikuu cha Ushirika cha Bukoba, BNCU. Hayo ya ubalozi yalikuja baadaye. Kwetu sisi watoto wa wakulima wa kahawa, Kahama lilikuwa jina la mtu wa ushirika, na baba alilitaja kila msimu malipo ya pili yalipochelewa, na tena yalipofika.

Sikuwahi kukaa naye meza moja. Niliyemjua vizuri ni mpima mizani wa sosaiti yetu, mzee mfupi mwenye kanzu iliyogeuka rangi ya udongo kufikia saa nne asubuhi. Kwetu kahawa huuzwa na maganda yake, imekaushwa juani hadi nyeusi, na harufu yake ukishaivuta utotoni haikutoki: tamu kiasi, chachu kiasi, imechanganyika na vumbi na magunia ya katani. Mzee alikuwa hafungui gunia kwa haraka. Kwanza anamsalimu mwenye gunia, anauliza habari za mgomba, za mgonjwa, za mwana aliyeko shule. Kisha anatia mkono hadi kwenye kiwiko, kwa sababu wajanja huweka kavu juu na mbichi chini. Anatoa konzi, anaitikisa sikioni. Kahawa iliyokauka hulia ndani ya ganda lake. Iliyo mbichi hukaa kimya. Ikikaa kimya anakurudishia gunia bila kukufokea, anakuchagulia na mahali pa kuanika.

Kazi ngumu ilikuwa baada ya hapo, maana kila mkulima aliamini mizani inamwibia. Mzee alimwita mwenye mali aje upande wake, asome mshale mwenyewe. Asiyejua kusoma alisomewa na mwanafunzi aliyemchagua yeye. Mara nyingi mwanafunzi huyo nilikuwa mimi. Ndipo stakabadhi ikaandikwa. Walioshindwa kungoja msimu walikuwa wameshauza butura, yaani kahawa ikingali maua mtini, kwa bei ya kilio, na hao mzee aliwatazama wakipita na mnunuzi wao bila kusema neno. Waliobaki walitolewa kahawa za kutafuna, wakakaa hadi jua kali, wakibishana juu ya bei ya London kana kwamba London iko ng'ambo ya mto Ngono.

Hiyo ndiyo biashara ambayo Kahama aliisimamia kutoka juu: maelfu ya watu wasioaminiana, kila mmoja na gunia lake, wote wakiuzia soko wasilolimiliki. Mwaka 1959 akaingia serikalini akiwa miongoni mwa mawaziri wa kwanza Waafrika. Uhuru ulimkuta akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, kisha akahamishiwa Biashara na Viwanda. Mwaka 1965 alikuwa balozi Bonn, na mzozo wetu na Wajerumani Magharibi kuhusu Wajerumani Mashariki ulikuwa bado wa moto. Mwaka 1966 akarudishwa nyumbani kuliongoza Shirika la Maendeleo ya Taifa, NDC.

Miezi michache tu baadaye likaja Azimio la Arusha, na NDC ikajikuta na hisa nyingi kwenye kiwanda cha bia, kwenye Metal Box, kwenye saruji ya Wazo Hill. Mimi nilikuwa karani wa hesabu katika kampuni mojawapo ya shirika hilo. Nilichokiona hakikufanana na hotuba. Mgeni aliyekuwa na kampuni jana leo ni mbia mwenye hisa chache, na bado yeye ndiye anayejua mtambo unavyowashwa. Ilibidi akae, ajadiliane fidia, atie saini mkataba wa kuendesha kiwanda, na bia iendelee kutoka. Mtu wa kuifanya kazi hiyo lazima awe amezoea kumwonyesha mwenzake mshale wa mizani huku kila mmoja anamshuku mwingine. Wengine waliona ajabu balozi kukabidhiwa viwanda. Mtu wa Bukoba hakuona ajabu.

Wasomi wa chuo kikuu pale Mlimani hawakumpenda mtu wa NDC yeyote. Walisema mikataba ile iliwarudishia mabepari kwa mlango wa nyuma kile kilichochukuliwa mlango wa mbele, na wakubwa wetu wamekuwa wabenzi. Hawakukosa hoja. Niliona ada za uendeshaji zikilipwa hata mwaka ambao kampuni haikupata faida, na niliziandika kwa mkono wangu. Ila hao wasomi hawakusema nani angewasha mtambo Jumatatu asubuhi.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mwaka 1973 Kahama akapewa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ajenge Dodoma ya michoro. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa, na mizani ya sosaiti yetu sijui ilikoishia. Kuanzia 1984 alikuwa balozi Beijing. Mwaka 1990 akapewa Kituo cha Kukuza Uwekezaji, kuwaita wageni wa aina ileile ya aliokaa nao mezani baada ya Azimio. Mwaka 2000 akawa waziri, safari hii wa ushirika na masoko. Alifariki Machi 2017. Miezi miwili baadaye CDA ikavunjwa.

Leo balozi mstaafu akiingia kwenye biashara, huajiriwa kwa ajili ya namba zilizomo kwenye simu yake. Jina lake huwekwa kwenye bodi, hupiga picha na mwekezaji, na akiulizwa kilo moja ya bidhaa wanayoiuza inamwachia mkulima shilingi ngapi, humtazama msaidizi. Kahawa yetu sasa inauzwa kwa mnada wa mtandao, jambo zuri sana, na bado butura ipo, na msimu uliopita nilipimiwa kwenye mzani wa kidijitali ambao kioo chake kimemwelekea mpimaji peke yake. Niliomba kukiona, nikaambiwa nisicheleweshe foleni.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wizara, ambao najua hautasomwa: kila anayeandaliwa kuwa balozi wa uchumi apelekwe msimu mmoja kijijini akapime mazao ya watu wanaomshuku. Na asiende na dereva.