Mombasa: Kitabu cha Bei na Adabu ya Dukani

Mtanzania atokaye Tanga kwenda Mombasa kwa basi huvuka mpaka Horohoro, akapita Lunga Lunga na Ukunda, hata akafika Likoni, ambako kivuko humwingiza kisiwani. Akielekea Mji wa Kale, huiona kwanza Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Karibu na hapo huanza Ndia Kuu, njia nyembamba yenye nyumba za roshani na milango ya nakshi. Miongoni mwa maduka ya vinyago na vyombo vya shaba yamo yanayoweka sarafu za kale ndani ya makabati ya kioo.

Sarafu hizo ni historia ya Afrika Mashariki iliyotiwa chapa. Ipo rupia ya fedha ya mwaka 1888, iliyotolewa na Kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani hiyo wakati ule. Juu yake limeandikwa jina la Mombasa na imechorwa mizani. Zipo senti tano na senti kumi za tundu, walizozoea wazee wetu hata baada ya uhuru. Zipo pia heller za Wajerumani, ambazo ndizo zilizotuachia neno "hela". Katika hizo, inayotafutwa sana ni ile iliyopigwa Tabora mwaka 1916. Wakati huo manowari za Kiingereza zilikuwa zimeifunga pwani, nayo majeshi ya Wajerumani yalikuwa yakipungukiwa na fedha za kuwalipa askari na wauza vyakula. Ndipo karakana ya reli ya Tabora ilipogeuzwa kiwanda cha sarafu. Maganda ya mizinga yaliyeyushwa kuwa heller, na dhahabu ya Sekenke ikawa sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Mwezi Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji, na kazi hiyo ikakoma.

Siku hizi wanunuzi wengi huingia madukani na kitabu cha bei mkononi. Kilicho mashuhuri zaidi ni orodha ya sarafu za dunia ya Wamarekani wawili, Krause na Mishler, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1972. Wengine hutumia simu badala ya kitabu. Si kosa kuwa nacho, kwani mnunuzi asiyejua kitu hudanganywa kwa urahisi. Lakini namna ya kukitumia ndiyo inayotofautisha mnunuzi mwenye adabu na mgomvi.

Kipo kisa kifaacho kuwa mfano. Kijana mmoja askari, mwenyeji wa Tabora, alikuwa likizoni. Babu wa mama yake alipigana katika vita ile ya Wajerumani, akaiachia jamaa yake heller 20 moja ya Tabora. Sarafu hiyo ilipotea walipohama nyumba, na mama, ambaye sasa ni mzee, hakuacha kuitaja. Kijana alidhamiria kumpatia nyingine. Akaingia dukani kwa haraka, akaiona aitakayo, akauliza bei. Alipotajiwa, alikifungua kitabu juu ya kabati, akaweka kidole juu ya tarakimu na kusema kwa sauti, mbele ya wateja wengine: "Mzee, kitabu kinasema nusu ya bei hiyo!"

Mzee aliirudisha sarafu katika kitambaa chake taratibu, akajibu: "Basi mwanangu, kanunue kwa kitabu."

Kijana akatoka mikono mitupu. Kosa lake lilikuwa zaidi ya ukali wa maneno, kwani kitabu chenyewe hakukisoma vizuri. Sarafu moja huwa na bei kadhaa kitabuni, kwa kadiri ya hali yake: iliyochakaa hata maandishi yakafifia, iliyotumika kidogo, na ile isiyowahi kutumika. Kijana alisoma bei ya iliyochakaa, hali aliyoishika ilikuwa safi. Tena heller 20 za Tabora si za namna moja. Taji lililochorwa juu yake ni kubwa katika nyingine na dogo katika nyingine, na herufi L za neno "heller" huhitilafiana ncha zake. Kila namna ina bei yake. Zaidi ya hayo, bei ya kitabu ni makadirio tu. Huandikwa mbali, na kitabu kikikaa miaka mingi bei zake huchakaa kama nguo. Aliyekiandika hamlipii mwenye duka kodi ya pango.

Asubuhi ya pili kijana alirudi. Safari hii alianza kwa salamu: "Shikamoo mzee." "Marahaba, karibu." Akaomba radhi kwa ya jana, akaeleza habari za mama yake. Kisha akauliza, "Naomba ruhusa nitazame kitabu, nipate kujua hili ni taji lipi." Mzee akacheka, akainama chini ya meza na kutoa kitabu chake mwenyewe, kikuukuu, jalada limeungwa kwa gundi. Wakaitazama sarafu pamoja kwa kioo cha kukuzia. Mzee akakubali kwamba kweli lilikuwa ni taji la bei nafuu, akapunguza kidogo; kijana naye akakubali kwamba hali yake ni nzuri, akaongeza kidogo. Sarafu ikasafiri kwenda Tabora.

Basi anayetaka kununua sarafu na akisome kitabu nyumbani, kabla ya safari, ili dukani akihitaji mara chache. Akitaka kukifungua aombe ruhusa kwanza, na akitumie kuitambua sarafu. Bei ya kitabuni aiweke moyoni, kisha ataje kile awezacho kutoa kwa kauli yake mwenyewe. Asisome tarakimu kwa sauti mbele ya wateja wengine. Sarafu aishike kwa ukingo, wala asiisugue kwa majivu au ndimu akifika nyumbani, kwani mng'aro huo huiondolea thamani. Na si uungwana kumtumia mzee saa nzima akufundishe, kisha ukanunue duka la pili.

Kitabu humwokoa pia mnunuzi na tamaa yake. Senti kumi ya mwaka 1936 ina jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyekaa katika kiti cha enzi chini ya mwaka mmoja. Wengi hudhani ni hazina, lakini zilipigwa kwa wingi, na bei yake ni ndogo. Vivyo hivyo reale ya Maria Theresa: yote huandikwa mwaka 1780, ingawa ziliendelea kupigwa katika miji mingi hata karne ya ishirini. Mwaka huo peke yake si ushahidi wa ukale.

Jambo la mwisho lahusu mpaka. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na urithi huhesabu kuwa kitu cha kale kila kilichotengenezwa au kuingizwa nchini humo kabla ya mwaka 1895, na kukitoa nje kunahitaji kibali. Heller ya 1916 haimo, lakini rupia ya 1888 imo. Mnunuzi aulize kwanza ofisi ya Makumbusho ya Taifa pale Ngomeni, na ashike risiti yake. Askari wa mpakani hatatazama bei ya kitabu, ataomba kibali.