Mjane Aliyecheza Tena Kaloleni

Msomaji mpenzi, ukifika Arusha, pita Kaloleni, karibu na mnara wa Mwenge wa Uhuru. Hapo utaona Makumbusho ya Azimio la Arusha, jengo ambalo zamani lilikuwa ukumbi wa jamii. Humo ndimo viongozi wa TANU walimokutana Januari 1967 wakapitisha Azimio. Mwaka 1977 likafanywa makumbusho. Sisi akina mama tunaojitolea kanisani tulizoea kulipita tu, mpaka mama mmoja mjane alipotufanya tuingie.

Tulianza kumtembelea baada ya matanga ya mumewe. Kila tulipompima, shinikizo la damu lilikuwa juu. Dawa alikuwa akimeza, lakini nje hatoki. Ndugu wa marehemu walimwambia kuwa mjane mwenye heshima hukaa ndani. Hati ya nyumba nayo walikwisha kuichukua, eti wamtunzie.

Sisi wauguzi hushauri watu wazima wapate mazoezi ya dakika 150 kwa juma, na kucheza nako ni mazoezi. Basi Alhamisi moja tulimsindikiza kwa miguu hadi Kaloleni. Njiani tulikuta akina mama wa kwaya wakijiandaa kwa harusi. Mwenzetu alisimama kusikiliza. Kidole kikaanza kugonga mkoba, kisha mguu ukafuata, kisha akavua viatu akaingia mstarini. Tulimwona akicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Mtaani maneno hayakukosekana. Wengine walisema amemsahau mumewe mapema. Yeye akatujibu, "Marehemu alinipenda akiniona nacheza kwaya. Leo atakasirikia nini?" Nasi tulikumbuka jinsi Miriamu alivyotwaa tari akawaongoza wanawake kucheza mbele za Bwana.

Siku nyingine, tukitoka mazoezini, tuliingia naye makumbusho. Tulimweleza kwamba Azimio linaanza kwa kukiri usawa wa binadamu. Akauliza polepole, "Na mjane pia yumo?"

Yumo, wapendwa. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Lakini mila zilizoandikwa kuwa kanuni mwaka 1963 zimewaumiza wajane wengi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake ilitoa uamuzi juu ya kilio cha wajane wawili wa Kitanzania waliofukuzwa majumbani mwao, ikasema kuwa haki zao zilivunjwa.

Juma lililofuata alimwendea mdogo wa marehemu. "Shemeji, naomba hati yangu." Shemeji akacheka. Mama akaenda mahakamani, wanakwaya wakiwa nyuma yake, akaomba mwenyewe kusimamia mirathi, akakubaliwa. Sasa hati iko sandukuni mwake. Amepangisha vyumba viwili, na nauli ya daladala hamwombi mtu.

Shinikizo la damu limeshuka, ingawa dawa hajaacha, na msomaji mwenye ugonjwa huo asiache bila kuambiwa na daktari.

Akina mama, tukienda kwa mjane tusipeleke unga na sukari tu, tukakaa naye gizani. Tumshike mkono, tutoke naye. Bado usiku analia, ametuambia hivyo. Lakini Alhamisi ikifika, yeye ndiye wa kwanza kutugongea mlango.