Siku Kumi Bila Mume

Hivi dada yangu, mwanamke aliyeolewa akikwambia anakwenda likizo peke yake, siku kumi, kwa treni, basi na boti, na anakokwenda si Zanzibar wala Dubai bali Kigoma kuangalia sokwe, wewe unafikiria nini kwanza? Sema kweli tu, hapa tuko wenyewe. Wote niliowaambia walifikiria mambo mawili: ama ndoa imekufa, au kuna bwana Kigoma.

Hakuna bwana Kigoma. Na ndoa ilikuwa hai, ila ilikuwa inasubiri jibu langu.

Mimi na mwenzangu tuna miaka saba ndani ya nyumba na hatuna mtoto. Kwenye kurasa hizi nimehariri barua za wasomaji wangapi wenye tatizo hilo, sijui hata idadi, lakini langu sijawahi kuligusa. Tulishajaribu mara mbili ule utaalamu wa kupandikiza mimba hospitalini, na mara zote mbili tulirudi nyumbani mikono mitupu na akaunti nyeupe. Agosti 2025 pesa ya jaribio la tatu ikatimia. Mume wangu alishachagua na tarehe. Mimi nikamwomba siku kumi kabla ya kujibu.

"Kwani ukiwa hapa huwezi kufikiri?" akaniuliza.

Nikamwambia humu ndani kila chumba kina maoni yake. Alicheka kidogo, halafu akanyamaza, halafu akasema niende. Mama mkwe ndiye aliyeitisha kikao. Alikuja na shangazi mtu na wifi zangu wawili, wakakaa sebuleni kama wamekuja kupokea mahari. "Mwanangu," akaniambia kwa upole kabisa, "mke wa mtu halali kwenye treni." Nikaitikia, "Nimekusikia, mama." Kumsikia nilimsikia. Jumamosi yake nikafunga begi.

Dar mpaka Dodoma siku hizi ni jambo dogo. Ile treni ya umeme iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024 inakufikisha kwa chini ya saa nne, umekaa kwenye kiti safi, simu inachajiwa. Hata hujapata muda wa kuanza kumkumbuka mtu. Nililala Dodoma, asubuhi nikapanda basi la Tabora linalopita Manyoni na Itigi, na hapo ndipo safari ikaanza kuwa safari.

Ukishaipita Itigi unaingia kwenye vichaka vizito ambavyo macho hayapenyi hata hatua kumi. Baadaye vinafunguka, unaanza msitu wa miombo. Mimi mtoto wa mjini nilidhani mwisho wa Septemba, kabla ya mvua, nitakuta kila kitu kimekauka. Kumbe miombo huanza kuchipua kabla mvua haijanyesha, na majani yake machanga ni mekundu, mengine rangi ya shaba. Ilikuwa kama msitu mzima umepakwa hina. Nilitoa simu nipige picha nimtumie mume wangu, nikairudisha kwenye mkoba. Tulikubaliana tusiwasiliane mpaka nifike ziwani.

Tukapita Tura. Halafu, kabla ya Tabora, tulipofika Kigwa, tairi la nyuma likapasuka.

Kigwa ni kijiji cha wilaya ya Uyui. Kwa haraka haraka utaona nyumba, maduka machache, pikipiki na miembe. Lakini huu ni mji wenye umri wake, jamani. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita huku, na Tura na Kigwa ni majina yaliyoandikwa na Wazungu waliopita na misafara ile karne ya 19. Richard Burton na John Speke walipita mwaka 1857 wakielekea Kazeh, ambayo ndiyo Tabora yetu, na waliingia Kazeh tarehe 7 Novemba, siku ya 134 tangu waondoke pwani. Siku 134! Mimi nilikuwa nanung'unika kwa sababu ya tairi moja.

Vitabuni tunasoma sana habari za Burton, na za Stanley aliyepita mwaka 1871. Waliobeba mizigo hatuwasomi sana. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, wapagazi wa kulipwa, watu walioifanya kazi hiyo kuwa fani na heshima yao. Kijana aliyekwenda pwani na kurudi alionekana mwanaume kamili. Njia hiyo hiyo ilipitisha pia pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo, hilo tusilifiche. Na kuna jambo ambalo shuleni sikufundishwa: wanawake nao walitembea. Wake za wapagazi walibeba vyungu, chakula na watoto mgongoni, na wengine walibeba mizigo kwa ujira wao wenyewe. Nilipokuwa nimesimama pale na begi langu la magurudumu, niliwaza wale akina mama nani aliwaitishia kikao.

Dereva na utingo wakavua mashati, abiria tukatafuta kivuli. Mimi nikaketi chini ya mwembe, maembe bado mabichi, kando ya mama mmoja aliyepanga chupa za asali juu ya gunia. Nikamwamkia, akaitikia "marahaba mwanangu" bila kuniangalia sana. Baadaye akaniangalia.

"Unakwenda kwa nani?"

"Sina mtu, mama. Natembea tu. Nakwenda Kigoma kuona sokwe."

"Mumeo yuko wapi?"

"Yuko Dar, kazini."

"Watoto wamebaki na nani?"

Ukiwa kama mimi swali hili unalijua, linakuja hata kabla ya chai. Huwa nina majibu matatu na yote ni ya uongo wa adabu. Siku ile, sijui kwa uchovu au kwa sababu sikutegemea kumwona tena yule mama, nikasema, "Hatujapata. Miaka saba."

Hakusema pole. Hakuniambia Mungu ni mwema, wala hakunitajia mganga. Akachukua chupa moja, akaipangusa kwa upindo wa kanga, akasema: "Mimi nimezaa saba, nimebaki na wanne. Kila mtu na hesabu yake." Kisha akaniuliza kama nataka asali ya nyuki wakubwa au ya nyuki wadogo, kwa sababu ile ya nyuki wadogo bei yake ni nyingine.

Nilinunua ya nyuki wadogo. Ni nyepesi, ina uchachu kwa mbali, na watu wa huko huitunza kama dawa. Chupa yenyewe ilikuwa ya maji ya dukani iliyofungwa kwa kipande cha plastiki, na nusu ya mkoba wangu ilinata mpaka Kigoma. Basi likapona, tukaondoka. Yule mama hata jina sikumuuliza.

Tabora nilikaa siku mbili. Nilikwenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe walilokaa Stanley na Livingstone, ambalo sasa ni makumbusho. Stanley aliondoka Machi 1872 kurudi pwani, Livingstone akabaki kusubiri wapagazi aliowaahidiwa, na akasubiri mpaka Agosti. Miezi mitano mzee wa watu anasubiri. Nilikaa kwenye kile kivuli cha ukuta wa udongo nikajiuliza mtu anayesubiri anajuaje kwamba sasa inatosha. Livingstone wapagazi wake walikuja. Akaondoka nao, na mwaka uliofuata akafa njiani, wakina Chuma na Susi wakaubeba mwili wake mpaka Bagamoyo. Kwa hiyo hata mfano wenyewe haunisaidii sana, nikaachana nao nikaenda kula wali.

Kutoka Tabora nilipanda treni ya zamani, reli ile ya Mjerumani iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914. Daraja la pili kulala, chumba cha vitanda sita, wanawake watupu. Mama mkwe angetuona angetulia. Kulikuwa na muuguzi mstaafu, msichana anayekwenda kujiunga na chuo, mfanyabiashara wa mitumba, na mama mwenye mtoto mchanga aliyelia kuanzia Urambo mpaka Nguruka. Katikati ya usiku mama yule akaishiwa nguvu, akaniambia, "Dada, nishikie kidogo." Nikamshika yule mtoto kwa saa mbili hivi. Alipoacha kulia akalala juu ya kifua changu, mdomo wazi, na treni ikaendelea kuyumba. Wasomaji wangu, miaka yote hii nimekuwa nikikwepa kushika watoto wa watu, kwa sababu kila nikishika, macho ya watu hunigeukia kuona nitalia au la. Gizani pale hakuna aliyekuwa ananitazama. Sikulia. Nilisikia joto lake tu, na mkono ukafa ganzi.

Kigoma utaipenda. Ziwa Tanganyika linakutokea mbele ya macho kama bahari iliyosahau chumvi, na migebuka ya kukaanga ni habari nyingine kabisa. Boti za abiria zinaondokea Kibirizi, kaskazini ya mji. Ni boti za mbao, unakaa juu ya magunia na watu wanaorudi vijijini kwao, na baada ya kama saa tatu wanakushusha ufukweni Gombe.

Hifadhi ya Gombe ni ndogo, kilomita za mraba 52 tu hivi, lakini jina lake linajulikana dunia nzima kwa sababu ya Jane Goodall. Alifika pale tarehe 14 Julai 1960 akiwa na miaka 26. Na sikiliza hii: serikali ya kikoloni ilikataa msichana kukaa porini peke yake, ikataka awe na mtu wa kuandamana naye, ndipo mama yake, Vanne, akaja kukaa naye miezi ya mwanzo. Mke wa mtu halali kwenye treni, msichana halali porini. Miezi michache baadaye Jane akamwona sokwe aliyemwita David Greybeard akitumia bua la nyasi kuvulia mchwa kichuguuni, na wataalamu wakalazimika kuanza upya kueleza tofauti ya mtu na mnyama. Siku chache baada ya mimi kurudi Dar, tarehe 1 Oktoba 2025, redio ikatangaza kwamba mama huyo amefariki Marekani akiwa na miaka 91.

Asubuhi tulipanda mlima mimi, mwongozaji na wageni wawili. Unavaa barakoa, kwa sababu mafua yetu yanaweza kuwaua, na unakaa mbali nao mita kumi. Mita kumi ni kanuni yetu sisi, wao hawajaisoma. Jike mmoja mwenye mtoto mgongoni alipita karibu nami kiasi kwamba nilisikia harufu yake, hakujishughulisha hata kunitazama. Kilichonishangaza ni ule utulivu. Nilitegemea sarakasi, nikakuta watu wameketi wanatoana takataka kwenye manyoya, kama saluni ya Jumamosi.

Nikamuuliza mwongozaji: kuna majike wasiozaa? Akanijibu kama anamzungumzia jirani. Palikuwa na Gigi, akasema, mmoja wa wale waliofuatiliwa tangu enzi za mwanzo za Jane, aliyekufa mwaka 1993. Hakupata mtoto hata mmoja maisha yake yote. Alikuwa mbabe, anawinda, na watoto wa wenzake walimfuata kama shangazi. Mwaka 1987 homa ya mapafu ilipoua wengi, wakabaki yatima, Gigi alikuwa mmoja wa waliowaangalia. Mwongozaji aliyasema hayo huku akitazama juu ya mti, kisha akatuonyesha kiota. Hakujua nimeuliza nini, na mimi sikumweleza.

Jioni nilitafuta mahali penye mtandao, nikampigia mume wangu. Nikamwambia sitaki jaribio la tatu. Nikamwambia si kwa sababu nimekata tamaa, ila mwili wangu umechoka na sitaki kuendelea kuishi kwa tarehe za hospitali. Alikaa kimya mpaka nikadhani salio limekata. Akasema, "Sijakubali." Akaongeza, "Lakini nimekusikia. Ukirudi tutaongea."

Tuliongea. Wiki mbili za kwanza zilikuwa mbaya, sitawapamba. Alisema nimeamua peke yangu jambo la watu wawili. Nikamwambia sindano nazo nilichomwa peke yangu. Alilia, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu msiba wa baba yake. Ile pesa bado iko benki. Hatujaigusa na hatujakubaliana ni ya nini.

Mwezi uliopita aliniambia na yeye anataka siku kumi. Amechagua Katavi, atakwenda kwa njia ile ile mpaka Tabora, halafu treni ya Mpanda, aone viboko wanavyobanana kwenye mto Katuma wakati wa kiangazi. Anaondoka Jumamosi. Kwao hakuna aliyeuliza anakwenda na nani. Mimi nimemwambia avae sweta usiku kwenye treni, na akipita Kigwa abebe chupa zake mwenyewe, zenye mfuniko.