Kilichojaa Ndani ya Kichujio

Miaka ya 1990, nilipoanza kazi kwenye banda la samaki wa mapambo kaskazini ya Mombasa, hakuna aliyeumiza kichwa kuhusu kichujio kijazwe nini. Jibu lilikuwa limelala ufuoni. Maji yakipwa tulishuka na magunia kuokota vipande vya matumbawe yaliyokufa, vya ukubwa wa kidole, tukavisuuza kwa maji ya bahari na kuvimimina kwenye mapipa ya buluu. Pampu ilipitisha maji ya matangi humo ndani, yakarudi yameng'aa. Sisi vijana tuliamini mawe ndiyo yanayokamata uchafu. Mzee aliyesimamia banda alikuwa na maelezo mengine.

"Mwanangu, jiwe halili kitu. Mna wadudu humo. Ukiwaosha kwa maji ya bomba, umewaua."

Wadudu wake ni bakteria, na klorini ya bomba kweli huwaua. Samaki hutoa amonia mashavuni kila anapopumua, na amonia kidogo tu yatosha kumuunguza. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa naitraiti, jingine likaigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki wengi huivumilia. Bakteria hao wanachotaka ni sehemu ya kujishikiza, hewa ya kutosha na chakula kisichokatika.

Hilo la chakula ndilo lililotutesa. Wapiga mbizi walileta kangaja na vitatange leo kwa wingi, halafu siku ya kuwasafirisha kwa ndege banda zima likabaki tupu, matangi yanazunguka maji matupu. Bakteria wasio na amonia hupungua na kudorora. Shehena mpya ikiingia ghafla, hao waliobaki huzidiwa, na amonia hupanda usiku watu wamelala. Mzee alikuwa na dawa yake: kipande cha kamba mbichi ndani ya soksi kuukuu, kikatumbukizwa kwenye pipa na kuachwa kioze. Harufu yake sitaisahau. Baadaye tulipata chumvi ya kloridi ya amonia, tukawa tunapima kwa kijiko, na kazi ikawa ya kistaarabu zaidi.

Kisha ikaja mipira ya plastiki, myeusi yenye mbavu na miiba, maboksi kwa maboksi. Wafugaji wa Marekani walikuwa wameichangamkia tangu makala za George Smit za mwaka 1986, zilizoeleza kichujio ambacho maji hunyunyizwa juu yakachuruzika katikati ya hewa badala ya kuzama. Sisi tulichelewa, lakini ilipofika tuliona tofauti. Matumbawe ya mapipani huziba: mavi ya samaki na mabaki ya chakula hujaa kati ya vipande, maji yakatafuta njia ya mkato, na sehemu kubwa ya pipa ikabaki bila hewa. Mipira haizibi kirahisi, na hewa inaizunguka pande zote. Naitreti ilipanda, ndiyo, ila bahari ilikuwa mlangoni. Maji yakijaa tunavuta mapya, tunamwaga ya zamani.

Niliielewa kasoro ya ile mipira nilipokwenda Dubai kuhudumia matangi ya majumbani. Kule maji ya bahari hutengenezwa: maji yaliyosafishwa, chumvi ya gunia, kipimo, kukoroga. Kila lita ina bei. Na ndani ya matangi hakuna samaki peke yao, kuna matumbawe hai, ambayo mengi yake hunyong'onyea naitreti ikizidi. Wenzangu wakaipachika mipira jina la kiwanda cha naitreti. Huo ni uonevu. Amonia ileile ikiliwa popote, kwenye plastiki au kwenye jiwe, hutoa naitreti ileile. Tofauti ni kinachofuata. Jiwe la matumbawe lenye vinyweleo lina tumbo ambalo oksijeni haifiki, na huko wanaishi bakteria wengine wanaoivunja naitreti iwe gesi ya naitrojeni, ikatoka zake hewani. Mpira wa plastiki hauna tumbo.

Jambo hilo si geni. Lee Chin Eng wa Jakarta aliandika mwaka 1961 jinsi alivyofuga viumbe wa bahari kwa mawe hai, yaani yenye viumbe ndani yake, na mapovu ya hewa tu. Wafugaji wa Berlin wakaja kuongeza mashine ya kutoa uchafu kwa povu, na njia yao ikaenea. Nilipofika Dubai mawe ya Fiji yalikuwa yakiuzwa kwa kilo. Mteja wangu mmoja, Mwomani aliyezaliwa Unguja, aliliangalia jiwe kisha risiti. "We bwana, jiwe hili ghali kuliko samaki?" Nikamwambia ndiyo, na kwa kuwa lina matumbawe, kulivusha mpaka kwataka vibali vya CITES. Alicheka, akalipa. Siku hizi wengi hununua mawe makavu au ya kutengenezwa, wakasubiri wiki kadhaa yapate wakazi, na miamba ya Fiji ikapumua kidogo.

Sasa tumefika zama za tarakimu. Pete za kioo na kauri huuzwa kwa eneo la ndani: nimeshika pakiti iliyoandikwa mita za mraba 270 kwa lita moja. Vile vigurudumu vidogo vya plastiki vilivyobuniwa Norwei kwa ajili ya maji taka, ambavyo hukorogwa kwa hewa mfululizo, vinahesabiwa mita za mraba 500 kwa mita nzima ya ujazo, yaani nusu mita ya mraba tu kwa lita. Ukisoma karatasi, shindano limekwisha. Ila vinyweleo vya pete huziba kama hujaweka sponji mbele yake, na eneo ambalo maji hayafiki halimlishi mdudu yeyote. Vigurudumu hugongana, hujisugua, hujisafisha. Penye samaki wengi wanaokula sana na pasipo matumbawe, mimi huchagua vigurudumu.

Hata wadudu wa mzee wamebadilika vitabuni. Mwaka 2005 watafiti walitangaza kiumbe mpya mla amonia, tena si bakteria bali akea (archaea), waliyemtenga kutoka kwenye changarawe za tangi la bahari katika Seattle Aquarium.

Yule Mwomani ana matangi mawili. La sebuleni ni la vitatange wakubwa, wachafuzi kweli. Mipira yake nimeiacha, nabadilisha maji tu. La mwanawe lina matumbawe. Humo niliongeza mawe kwanza, nikaitoa mipira konzi moja kila wiki huku nikipima amonia. Ilipokwisha, mtoto aliiomba achezee.