Gari la Marehemu Baba

Leo nataka tuongee habari ya gari, na usinicheke.

Marehemu baba alituachia Peugeot 504. Vijana hamtajua, lakini gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Letu limekaa bandani kwetu Molo miaka mingi. Juzi mama akaniambia, "Mwanangu, nataka kulipanda tena kabla sijamfuata baba yako." Ungefanya nini?

Kwa kutaka kuokoa pesa nilikubali pikapu ya jirani ilivute hadi kwa fundi Nakuru. Cheni ikafungwa kwenye bampa. Bampa ile ya kromu ni pambo, haivuti gari! Hata hatujafika mbali, cheni ikalegea, ikakazika ghafla, bampa ikang'oka. Mimi ndiye nilikuwa kwenye usukani. Injini ikiwa imezimwa breki huwa ngumu kama jiwe, nikakanyaga kwa miguu yote miwili nisimgonge aliyenivuta. Halafu nikamfokea yule kijana mbele ya mama. Mchungaji mzima! Kosa lilikuwa langu, na jioni nilimpigia simu kumwomba msamaha.

Mpendwa, kama una gari la zamani, kodi lori la kubebea magari, magurudumu yote manne yawe juu. Mikanda ipite juu ya matairi, isiguse bampa wala rangi. Ukilazimika kuvuta, tafuta pete ya kuvutia iliyo chini ya gari, utumie mkanda badala ya cheni, na mwende polepole. Ufunguo ubaki umefunguliwa, la sivyo usukani utajifunga kwenye kona. Kama gia ni za otomatiki, magurudumu yanayosukuma gari yasizunguke barabarani: pampu ya mafuta ya gia huendeshwa na injini, kwa hiyo gia zitazunguka kavu na kuungua. Wala usilifunike njiani. Mama alileta shuka lake zuri, nikamkatalia. Upepo hulipigapiga, na vumbi lililo chini yake hukwaruza rangi kama msasa.

Lori lilikuja Jumanne. Nikapiga picha kila upande kabla halijapakiwa. Mama aliketi mbele na dereva, na kila tuta aligeuka kuangalia nyuma.

Injini imeshanguruma. Bampa ndiyo imekataa kunyooka. Ukijua mahali pa kupata ya mbele, niandikie inboksi.